Tulipomngoja Mtoto wa Saginaw

Aprili 2003 Detroit Lions walimchagua Charles Rogers, na Michigan nzima ikashangilia ubingwa ambao haujachezewa. Mpira ninaousema ni ule wa Kimarekani, wa helmeti na mabega ya plastiki, na Rogers alikuwa mpokeaji wa pembeni: kazi yake kukimbia ubavuni mwa uwanja, kumwacha beki na kudaka pasi ndefu ya kwotabeki, yaani mrushaji. Kila mwaka timu za ligi kuu, NFL, huchagua vijana wa vyuo vikuu kwa zamu, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo hutangulia. Lions walikuwa wameshinda mechi 2 kati ya 16 mwaka 2001, na 3 mwaka uliofuata. Wakapewa zamu ya pili. Ufukara wao ndio uliowapa haki ya kutumaini.

Isitoshe, Rogers alikuwa wa nyumbani. Alizaliwa Saginaw, kaskazini mwa Detroit, akacheza Michigan State, na mwaka 2002 akatwaa tuzo ya Biletnikoff, ile ya mpokeaji bora wa vyuo. Kiwandani tulikokuwa tukifunga viti vya magari alikuwapo mzee mmoja wa Saginaw. Alinunua jezi namba 80 kabla kijana hajagusa mpira, akaja nayo kazini, akaivaa juu ya ovaroli. "Huyu ni wa kwetu, kijana," aliniambia. "Wa kwetu hatukimbii." Lilikuwa dongo kwa Barry Sanders, mkimbiaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuvaa bluu ya Lions, ambaye mwaka 1999 alistaafu miguu yake ikiwa bado mizima, na habari akaitoa kwa faksi, tena kwa gazeti la mji wake wa Wichita. Jeraha hilo lilikuwa bichi.

Mimi nimekulia Ilala, mapenzi ya usajili mpya sikuhitaji kufundishwa. Siku hizi Simba na Yanga hujaza uwanja mzima kabla ya kila msimu kuwatambulisha wachezaji ambao hawajafunga hata bao moja, na nyimbo zao zimeshatungwa. Detroit ya wakati ule haikuwa na tamasha, ilikuwa na redio, na redioni gumzo lilikuwa mkataba. Mkataba wa chipukizi ulikuwa mvutano wa kweli, wakala na timu wakivutana kwa mamilioni, na mtu aliweza kukosa mazoezi ya kwanza kwa sababu ya sahihi. Makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na wachezaji yaliyamaliza mengi ya hayo: sasa nafasi uliyochaguliwa ndiyo inayopanga malipo yako, na mara nyingi kusaini ni kama kujaza fomu. Haki imetendeka nadhani, ingawa utamu wa kungoja umepungua.

Tarehe 7 Septemba 2003, Ford Field, Lions wakaipiga Arizona 42 kwa 24. Rogers alidaka pasi mbili za tachidauni, bao la mpira huo, kutoka kwa kwotabeki Joey Harrington. Mechi yake ya kwanza! Kesho yake mzee wa Saginaw alipita kila meza akidai heshima zake kama mwenye harusi.

Oktoba, mazoezini, Rogers akavunjika mtulinga. Mwaka 2004 akarudi mzima, msimu ukafunguliwa Chicago, na mpira ulipochezwa mara ya tatu tu katika mechi hiyo mfupa uleule ukavunjika tena. Siku hiyo Lions walishinda 20 kwa 16 na kukata mkosi wa kupoteza mechi 24 mfululizo ugenini. Kwa hiyo tulisherehekea. Hilo hunijia mara nyingi kuliko matokeo yenyewe: kijana anatolewa uwanjani, sisi tunapigana viganja.

Timu ilimruhusu akaugulie nyumbani, na huko mambo yakamharibikia. Baadaye alieleza mwenyewe jinsi alivyozama katika dawa za maumivu. Mwaka 2005 ligi ilimfungia mechi 4 kwa kukiuka kanuni za dawa za kulevya. Lions wakamdai arudishe sehemu ya fedha za mkataba, na mwaka 2006 wakamwacha. Akafa Novemba 2019, akiwa na miaka 38. Katika NFL alidaka pasi 36.

Wapo wanaopenda kukumbusha kwamba aliyechaguliwa mara tu baada yake, Andre Johnson, aliingia katika Jumba la Mashujaa la mpira huo mwaka 2024. Mazungumzo hayo yananichosha. Rogers siku ya kuchaguliwa alikuwa na miaka 21, na tayari tulikuwa tumembebesha aibu ya miongo.

Tulijifunza? Lions walichukua mpokeaji tena mwaka 2004, tena 2005, na 2007 walipomtaja Calvin Johnson watu walicheka kwa uchungu. Huyo akawa ndiye. Mwaka 2012 alivuna yadi 1,964 kwa kudaka, rekodi ya ligi kwa msimu mmoja, kisha akastaafu mwaka 2016, mwili umechakaa, bila kushinda hata mechi moja ya mtoano. Ushindi huo ulikuja Januari 2024, Lions 24, Rams 23, wa kwanza tangu Januari 1992, na mpokeaji aliyetegemewa alikuwa Amon-Ra St. Brown, aliyechaguliwa wa 112 mwaka 2021. Siku yake hakuna aliyekuja kazini na jezi.

Sasa yuko Isaac TeSlaa, mtoto wa Hudsonville, Michigan, aliyekua akiishabikia Lions, aliyechaguliwa wa 70 mwaka 2025. Tarehe 7 Septemba mwaka huo, siku ileile ya Rogers, alidaka tachidauni kwa mkono mmoja kule Green Bay, katika mechi iliyokuwa imekwisha kupotea. Mwanangu, aliyezaliwa hukuhuku, alinitumia video hiyo bila neno. Nilipomjibu kwa kumtaja Rogers, akatafuta takwimu, akaniuliza: "Baba, pasi 36 tu? Mlimpendea nini?" Nikamtumia mechi ya Arizona.

Yeye hana haraka, na wenzake hawana. Timu yao inashinda, na tumaini la aliyeshiba lina adabu. TeSlaa anaruhusiwa kukosea, kukaa benchi, kudaka pasi moja mechi nzima. Wanachobishania zaidi ni jinsi anavyozuia mabeki ili wenzake wapite. Mwaka 2003 sikumsikia mtu akiuliza kama Rogers anajua kuzuia.