Safari Yetu ya Kuuona Mlima

Jina la Dagahaley kwa Kisomali lina maana ya mahali penye mawe. Mawe yenyewe utayatafuta hadi uchoke. Tulicho nacho ni mchanga mwekundu, vichaka vya mathenge, na korongo wenye vipara wanaosimama juu ya migunga kama askari wa zamu. Kitu kirefu kuliko vyote ni tangi la maji. Mimi nilizaliwa hapa, na hadi nafika kidato cha pili nilikuwa sijaona ardhi ikiinuka kulipita tangi hilo.

Mambo yalianzia kwenye kitabu cha Jiografia. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mlima Fuji wa Japani, mzuri kama bakuli lililofunikwa, na juu yake weupe. Mimi nilidai ni chumvi. Katibu wa chama chetu, ambaye tunakaa dawati moja, alicheka mpaka mwalimu akamtoa nje. "Ni theluji, warya! Na usidhani iko Japani peke yake. Kenya hii hii tunao mlima mrefu kuliko huo." Nilibisha. Akafungua ukurasa mwingine akanionyesha: Fuji mita 3,776, Mlima Kenya mita 5,199 pale kileleni Batian. Tangu siku hiyo tukaapa kwamba tukipata nafasi tutakwenda kuuona, hata kama ni kwa siku moja, kama Wajapani wanaotoka Tokyo asubuhi kwa basi dogo na kurudi jioni.

Nafasi ilikuja Februari 2025. Chama chetu kilialikwa Thika kwenye mashindano ya insha na mjadala, na mwalimu mmoja wa shule iliyotualika akaahidi kwamba Jumamosi, mashindano yakiisha, atatupeleka kuuona mlima na kuturudisha siku hiyo hiyo. Tulipeleka majina matano ya wanafunzi ili tupatiwe kibali cha kutoka kambini. Ninyi mlio na vitambulisho huenda hamjui: sisi bila karatasi hiyo hatuvuki hata daraja la Garissa. Karatasi ikarudi na majina manne.

Jina lililokosekana lilikuwa la Katibu.

Hakuna aliyetueleza sababu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikwenda kuuliza mara tatu, akarudi kila mara na jibu lile lile kwamba tusubiri, na basi halisubiri. Insha iliyotupatia mwaliko ilikuwa ya Katibu. Mimi ni naibu wake tu, na imla ndiyo ninayoiweza. Usiku wa kuamkia safari alikuja kwetu, akanipa chupa tupu ya soda ya nusu lita, ameiosha vizuri na kuifunga kizibo. "Niletee maji ya mlima," akasema. Hakusema lingine. Nilitamani anitukane.

Ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi, alikuwa akisikiliza. Yeye alivuka mpaka mwaka 1992, mwaka ambao Dagahaley ilifunguliwa, na hajatoka tena. Aliuliza kwa nini maji ya huko yawe na thamani. Nikamwambia kule juu kuna barafu. Akaniuliza mstari wa ikweta si ndipo jua linapokaa? Nikajibu naam. "Basi nenda," akasema, "ukirudi utaniambia ukweli."

Safari ya Thika nitaipita haraka. Ni takriban kilomita 100 kutoka Dadaab hadi Garissa, halafu zaidi ya 300 nyingine hadi Thika. Darajani tulilitazama Tana likienda zake, jekundu na pole, utadhani si lile lililofurika Novemba 2023 likakata barabara ya Madogo watu wakavuka kwa mashua. Mwalimu alituuliza maji hayo yametoka wapi. Tukanyamaza. Akasema mengi yametoka kwenye milima ya Aberdare na kwenye huo mlima tunaokwenda kuuona.

Tulipofika Mwingi alitusimulia habari za Krapf. Nilikuwa namjua Ludwig Krapf kwa kamusi yake ya Kiswahili, iliyochapishwa 1882, lakini sikujua kwamba tarehe 3 Desemba 1849, akiwa huko huko Ukambani, Kitui, aliuona Mlima Kenya kwa mbali na theluji yake. Aliandika habari hizo zikafika Ulaya, na wasomi wa huko wakamwona mwongo. Theluji kwenye ikweta! Ilipita miaka zaidi ya 30 ndipo Joseph Thomson akaukaribia mwaka 1883 na kuthibitisha kwamba mzee hakuota. Nilikitazama kioo cha basi upande wa kulia tangu Mwingi hadi Matuu. Niliona vumbi na maembe.

Kwenye mashindano tulikuwa wa tatu kati ya shule tano. Wasomaji wetu wasihuzunike. Wa nne na wa tano walilia.

Sasa Jumamosi yenyewe. Tuliondoka Thika saa kumi alfajiri kwa gari dogo aina ya Noah: dereva, mwalimu mwenyeji, Mwalimu wetu, na sisi wanne. Giza totoro, na baridi ambayo kwa mtoto wa Dagahaley ni adhabu. Mwenyeji alitueleza sababu ya haraka hiyo. Mlima huu una haya kama bibi harusi, alisema. Jua linapochomoza unauona wote, vilele na mabonde, lakini ikifika saa tatu mawingu yamekwisha kupanda kutoka msituni na kuufunika, na huenda usionekane tena hadi jioni. Hata Fuji ni hivyo, watu wengi husafiri mpaka Japani wakarudi na picha ya wingu. (Tena, mwezi Mei 2024, mji wa Fujikawaguchiko uliweka pazia jeusi refu kuwazuia watalii wasiupige picha mlima mahali walipokuwa wakijazana barabarani. Ama kweli dunia ina mambo: huku mtu anatafuta karatasi akauone, kule waliuwekea pazia.)

Tulivuka mto Sagana gizani. Karatina tulisimama kwenye kituo cha petroli tukaswali alfajiri. Hesabu ya dereva ilikuwa tufike Naro Moru jua likichomoza.

Mbele kidogo, mahali nisipopataja, kulikuwa na kizuizi cha polisi. Afande aliimulika karatasi yetu kwa tochi, akaisoma, akairudia. "Hapa pameandikwa Thika. Mbona mko huku?" Mwalimu akaeleza kwa upole. Mwenyeji akaeleza kwa upole zaidi. Afande akasema anampigia mkubwa wake, na mkubwa wake hakuwa anashika simu. Tukaambiwa tushuke tukae kando ya barabara. Magari yalikuwa yakipita, watu wakitutazama jinsi watu wanavyowatazama waliokalishwa kando ya barabara.

Mbingu upande wa mashariki zikaanza kuwa na rangi. Mwenyeji alitazama saa yake, kisha akaacha kuitazama.

Afande mwingine, kijana, alipekua mfuko wangu. "Chupa tupu ya nini?" Nikamwambia ni ya maji ya mlima. "Wewe ni Mkenya?" Nikajibu, "Nilizaliwa Dagahaley, afande, kaunti ya Garissa." Akaniuliza mbona Kiswahili changu ni cha redio. Nikamweleza kwamba sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili, na mimi ni naibu katibu. Akauliza katibu yuko wapi. Nilifungua mdomo, jibu likakataa kutoka. Mwalimu alijibu badala yangu: "Amebaki." Kijana yule hakucheka. Alikwenda akasema kitu na mwenzake, na baada ya muda tukarudishiwa karatasi. Tulikuwa tumekaa pale saa moja na dakika arubaini.

Naro Moru tulifika saa mbili na nusu. Mwenyeji alinyoosha kidole mashariki: "Uko pale." Pale palikuwa na ukuta wa mawingu meupe, mnene kama godoro. Chini yake ulionekana msitu, na hapo basi. Mmoja wetu aliuliza kama mlima ni ule msitu. Hatukumjibu.

Tukangoja. Tulikwenda Nanyuki tukapiga picha kwenye bango la ikweta, tukala chapati, tukarudi, mawingu bado. Ili kutupa moyo, mwenyeji alitupa kisa ambacho sitakisahau. Wakati wa vita vikuu vya pili, Waingereza walikuwa na kambi ya mateka wa Kiitaliano hapo Nanyuki. Mateka mmoja, Felice Benuzzi, alikuwa akiutazama mlima kutoka ndani ya waya kila ulipojitokeza. Januari 1943 yeye na wenzake wawili wakatoroka, na vifaa vya kupandia walivyojitengenezea kwa vyuma chakavu. Mmoja aliugua, wawili wakafika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Halafu wakateremka, wakarudi kambini, wakajisalimisha.

"Wakarudi kambini?" msichana mmoja kati yetu akashangaa. "Si wangeendelea tu!"

"Waende wapi?" mwenyeji akasema. "Walihukumiwa kifungo cha upweke siku 28."

Kicheko kilianza kikakatika njiani. Mwalimu wetu alikuwa ameishika ile karatasi mkononi, ameikunja mara nne. Mwenyeji, nadhani, ndipo alipotambua amewasimulia kina nani. Alikohoa, akaanza kutueleza habari za barafu: kwamba ile iitwayo Lewis imepungua kiasi cha asilimia 90 tangu 1934, na wataalamu wanatazamia barafu yote ya mlima huu itatoweka katika miaka ya 2030. Hiyo nayo haikutufurahisha, lakini tulimshukuru.

Mto Naro Moru nilijaza chupa. Maji yalikuwa baridi hadi vidole vikafa ganzi. Niliuliza yanakwenda wapi, nikidhani atasema Tana, Garissa. Mwenyeji akasema la, ya upande huu wa magharibi hayaendi Tana. Yanaingia Ewaso Ng'iro, yanapita Archer's Post, yanakwenda kupotelea kwenye bwawa la Lorian, jangwani. Mvua ikizidi sana, mto huo huendelea kwa bonde la Lagh Dera hadi Somalia.

Mwalimu wetu aligeuka haraka. Alituuliza visima vya kambini vinachota wapi. Hilo tulilijua, limo kwenye mradi wetu wa Jiografia: vinachota kwenye akiba ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Merti. Na akiba ya Merti inajazwa na nini? Tukakumbuka pole pole, mmoja akianza mwingine akimalizia: maji yake huingia ardhini hasa huko Lorian, Ewaso Ng'iro inapofurika, na husafiri chini kwa chini miaka mingi sana.

Nikaitazama ile chupa. Nilijihisi mjinga kidogo, lakini sikuyamwaga.

Saa tisa dereva alisema lazima tuondoke, maana kwa karatasi ile hakutaka giza litukute njiani. Tulipanda kimya. Tulikuwa tumepita Naro Moru kwa dakika kama ishirini, wawili wamesinzia, yule msichana ameketi kinyumenyume kwenye kiti cha nyuma, alipopiga ukelele. "Dere, simama! Walahi simama!"

Hamadi! Wingu lilikuwa limepasuka katikati kama kitambaa. Sikuuona pale nilipokuwa nikiutafuta siku nzima. Ulikuwa juu zaidi, juu kabisa ya mahali ninapodhani ardhi inaweza kufika. Pembe mbili nyeusi, Batian na Nelion, zimechongoka, na ubavuni mistari myeupe, michache, imebanwa kwenye nyufa. Haukuwa mzuri kama Fuji wa kitabuni. Ulikuwa kama kitu kilichovunjika ambacho hakuna aliyethubutu kukiokota. Niliusogelea hadi kwenye waya wa shamba la mtu, nikasimama. Mwalimu alijaribu kupiga picha kwa simu yake, ikatoka nyeupe tupu. Tulikaa dakika kumi hivi, wingu likajifunga, nasi tukaenda.

Kwa hiyo nimerudi Dagahaley bila ushahidi, kama Krapf. Ayeeyo alinisikiliza mpaka mwisho, pembe, mistari, yote, akaniuliza kama nilikuwa nimekula vizuri safarini.

Katibu nilimkabidhi chupa yake shuleni Jumanne. Nilimweleza pia habari za Lorian na Merti, kwa kigugumizi, maana nilijua inavyosikika: kwamba alichonituma amekuwa akikinywa tangu kuzaliwa. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Uliuona kweli?" Nikamwambia dakika kumi. "Wa rangi gani?" Nikamwambia mweusi. Akashangaa sana. Miaka yote hiyo alikuwa akiufikiria mweupe.

Katika mkutano wa chama wa wiki hiyo alileta vikombe viwili, kimoja cha maji ya chupa, kingine cha bomba la shule, akawataka wanachama waonje na kupiga kura kipi ni cha mlima. Walikuwepo wanachama 26. Waliochagua cha bomba ni 15. Mimi nilikuwa mmoja wao. Katibu akaandika matokeo kwenye daftari la kumbukumbu, chini ya Mengineyo, akatia sahihi.