Taa za kukuza mboga: Wati elfu moja au maneno matupu?

IKIWA umepita barabara ya Luthuli jijini Nairobi hivi karibuni, huenda umeziona: taa bapa zenye mwanga wa zambarau, zimepangwa katikati ya spika na chaja za simu, kila moja na kasha lililoandikwa "1000W" kwa tarakimu kubwa. Wauzaji husema zinakuza mboga ndani ya nyumba pasipo jua. Bei yake hushuka kadiri unavyoonyesha kutaka kuondoka.

Habari hizi zisingenihusu lau si kitinda mimba wetu. Alihitimu stashahada ya uhasibu miaka miwili iliyopita na hadi leo hajapata kazi. Anaishi Pipeline, Embakasi, orofa ya chini, katika ploti iliyobanwa na nyingine kila upande hivi kwamba saa sita mchana balbu huwa inawaka. Alitaka kununua taa nne, kila moja shilingi 3,500, ili akuze miche ya sukuma wiki na kuwauzia watu.

"Dada, si ni zamu yako ya chama mwezi huu?" aliniambia kwa ule upole unaojulikana na kila mwenye ndugu wadogo. "Nikopeshe elfu kumi na nne. Miezi mitatu tu, nakurudishia zote."

Ni rahisi kumcheka kijana kama huyu, lakini mimi sikumcheka. Kwanza, jambo lenyewe si uchawi. Mmea hutumia zaidi mwanga mwekundu na wa samawati kujitengenezea chakula, na taa za LED huweza kutoa rangi hizo. Ile ya samawati iliwasumbua wataalamu miaka mingi, hata wazaliwa watatu wa Japani waliofaulu kuipata, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wakatuzwa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Pili, mtu anayeishi mahali jua lisipofika ana haki ya kuulizia jua la kununua.

Swali langu lilikuwa moja: je, katika kasha lile mna wati elfu moja?

Nilimwambia anunue taa moja kwanza, kwa akiba yake, kisha tuipime. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na yeyote mwenye mita ya tokeni anaweza kukifanya. Mita nyingi zina kitaa chekundu kinachopepesa stima inapotumika, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa kila yuniti. Ya ndugu yangu iliandikwa 1,000. Tulizima kila kitu nyumbani, tukawasha taa ile peke yake, tukatazama saa. Ingekuwa wati 1,000 kweli, kitaa kingepepesa mara 250 kwa robo saa. Tulihesabu mara 11.

Yaani wati 44! Wauzaji wana maelezo yao, ati chembe za taa ni 100 na kila moja "ina uwezo" wa wati 10. Huo ni uwezo wa chembe ikiwa peke yake kiwandani, wala si kazi inayofanya ukutani kwako. Ni kama kumlipa kibarua kwa mizigo ambayo angeweza kubeba.

Tukaketi kupiga hesabu, naye mhasibu hakunihitaji sana. Wati 44 kwa saa 14 kila siku ni takriban yuniti 18 na nusu kwa mwezi. Tulikadiria shilingi 28 kwa yuniti pamoja na kodi, ikawa shilingi 517 kwa taa moja, na takriban 2,070 kwa zote nne. Isitoshe, kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2023, wasiotumia zaidi ya yuniti 30 kwa mwezi ndio hulipa bei ya chini kabisa. Taa nne zingemtoa katika kundi hilo, hata stima ya kuchajia simu ingempandia bei.

Na mapato? Taa moja ya aina hiyo hutosheleza eneo kama la dawati la shule, yaani trei mbili za miche 200 kila moja. Yeye mwenyewe alikadiria shilingi 2 kwa mche. Hiyo ni 800, baada ya wiki nne au zaidi, ikiwa yote imeota na yote imenunuliwa. Ondoa stima, mbegu na udongo. Alinyamaza. Wanaouza miche kando ya barabara hulipia maji na mbegu tu, ilhali mwangaza wanapewa bure saa kumi na mbili kwa siku, mwaka mzima, kwa kuwa tuko kwenye ikweta. Jua la adhuhuri lina nguvu za luksi zinazokaribia 100,000, hali nyumba yenye balbu moja hupata mia chache, hata zisifike.

Muuzaji alikuwa ametuambia kwamba hata wakulima wa maua huwasha taa usiku. Ni kweli, wapo wanaofanya hivyo, lakini si kwa kuilisha mimea. Krisanthemumu huchanua usiku ukiwa mrefu, na taa humhadaa asiujue urefu wa usiku, akaendelea kurefuka kwanza.

Kilichonitia hofu zaidi ni waya. Plagi ilikuwa ya vijiti viwili vya mviringo, ya kulazimishwa kwenye soketi zetu za matundu matatu, na bati lake halikuwa na waya wa kwenda ardhini. Kifaa cha namna hiyo, mahali penye maji ya kunyunyizia, ndani ya chumba anacholala mtu! Nilisisitiza fundi aitazame kabla haijawashwa tena. Nawe ukinunua, tafuta kibandiko cha KEBS cha bidhaa za nje.

Kwa mwenye kutaka dhania na mnanaa wa chai tu, balbu nyeupe ya kawaida ya LED ya wati 12 hivi, ikining'inizwa shubiri moja juu ya miche, itafanya kazi kwa bei ndogo zaidi. Tena chini ya mwanga mweupe utaona jani likianza kuwa manjano. Chini ya zambarau kila jani ni jeusi.

Fedha za chama nilimpa 5,000, na si za taa. Kiatika wa ploti amemruhusu kuweka trei juu ya paa, kando ya kamba za nguo, kwa shilingi 500 kwa mwezi. Taa ya zambarau bado anayo. Fundi aliibadilisha waya na plagi, sasa inaning'inia juu ya kopo la dhania karibu na dirisha, na jirani mmoja amekwisha kumwuliza, kwa sauti ya chini, kama hiyo anayopanda kweli ni dhania.