Tumbo la Ukoo

Ukiulizwa leo babu yako alifariki kwa maradhi gani, utajibu nini? Mimi niliulizwa na daktari nikiwa na umri wa miaka 38, nikajibu: "Tumbo." Na shangazi je? "Tumbo." Jina la ugonjwa nililijua kwa marehemu baba peke yake: saratani ya utumbo mpana. Iligunduliwa akiwa na miaka 47. Mwaka uliofuata tukamzika. Daktari aliuchora ukoo wetu juu ya kipande cha karatasi, kisha akawatia wino mweusi watu hao watatu.

Nyumbani jambo hili lilikuwa na maelezo yake. Wazee walisema ni tumbo la ukoo. Wengine walimnong'ona jirani aliyegombea shamba na babu. Siwacheki. Walichokiona kilikuwa kweli, walikosea sababu tu. Mwaka 1895 huko Michigan, Marekani, mwanamke mshona nguo alimwambia Daktari Aldred Warthin kwamba naye angekufa kwa saratani kama jamaa zake. Ikawa hivyo, angali kijana. Warthin aliichunguza familia ile na kuandika habari zake mwaka 1913. Baadaye Daktari Henry Lynch aliendeleza kazi hiyo, na aina hiyo ya urithi sasa huitwa kwa jina lake. Mzazi aliye nayo, kila mtoto wake ana nafasi sawa ya kuirithi au kuikosa. Si kila ukoo wenye saratani una kasoro hiyo, lakini hata pasipo nayo, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa yumo katika hatari kuliko watu wengine.

Mara nyingi ugonjwa huanza na kinyama kidogo katika ukuta wa utumbo. Hakiumi. Hukaa miaka mingi kabla ya kugeuka saratani, na kikionekana mapema hukatwa. Kwa hiyo madaktari wengi hushauri mtoto wa mgonjwa apimwe afikapo miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mzazi aligunduliwa, lolote litakalotangulia. Kwa hesabu hiyo nilikuwa nimechelewa mwaka mmoja.

Kipimo chenyewe ni mpira mwembamba wenye kamera, unaopitishwa njia ya haja kubwa. Taabu yangu ilikuwa usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa ile dawa ya kuharisha! Vilikutwa vinyama viwili, vikaondolewa, havikuwa vimegeuka.

Baba alitokwa na damu miezi mingi akisema ni bawasiri, akiona haya kumwonyesha daktari. Nilipompigia simu mdogo wangu, mwenye miaka 35, alisema yeye ni mzima, na damu aliyoiona mara mbili ni bawasiri tu. Jumamosi nitakwenda kwake Temeke, na ile karatasi mfukoni.