Chipu ya zamani na matangazo ya jioni

Katika redio moja ya jamii mashariki mwa Congo, jioni ndiyo saa inayongojewa na familia zilizokimbia vita. Ndipo yanaposomwa majina ya watoto waliopotea njiani, mahali pa chanjo na siku ya kugawa chakula. Lakini jioni ndiyo saa batri za sola zinakuwa zimechoka. Mara kadhaa mtambo umezimika katikati ya majina.

Fundi wa redio alijua sababu. Kadi ndogo inayolinda batri ilikuwa inakata vyote pamoja: mtambo, taa, na meza ambapo wahami wanachajisha simu zao. Alitaka kadi ikate taa na simu kwanza, mtambo ubaki wa mwisho. Ni mistari michache tu ya programu, ila haikuenea ndani ya chipu.

Chipu hiyo ni ya ukoo wa 8051, ambao Intel iliuanzisha mwaka 1980. Ina baiti 4,096 za kuweka programu na baiti 128 za kumbukumbu ya kazi. Picha moja ya simu inaweza kujaza nafasi hiyo mara mia kadhaa. Kuweka chipu kubwa kungetaka kadi mpya, iagizwe mbali, na redio haina pesa hizo.

Kwa hiyo akatafuta kompaila bora. Kompaila ni programu ya kompyuta inayogeuza maandishi ya lugha C kuwa amri za chipu. Ukizipa kompaila mbili maandishi yale yale, moja inaweza kutoa amri nyingi na nyingine chache. Keil C51 inasifiwa kwa kubana, lakini ile ya bure ya majaribio inakomea kilobaiti 2, na leseni haiingii mfukoni mwa redio ya jamii. SDCC ni ya bure kabisa, naye alikuwa na toleo lake la zamani. Akapakua toleo jipya usiku, intaneti ikiwa na nafuu, akatumia chaguo la --opt-code-size, linaloiambia kompaila ijali ufupi kuliko mwendo. Programu ikapungua. Bado haikuenea.

Ndipo akafungua orodha ambayo kompaila inaandika mwisho wa kazi, inayoonyesha nafasi imeliwa na nini. Sehemu kubwa ilikuwa hesabu za namba zenye nukta. Programu ya mwanzo iliandika volti hivi: 11.6. Chipu hii haijui namba za nukta, basi kompaila ilibeba furushi zima la hesabu ili kulinganisha namba mbili.

Akaandika 116. Namba hiyo inaenea katika baiti moja, inayobeba 0 mpaka 255. Kuionyesha kwenye kioo ni kuigawa kwa 10, na chipu ina amri yake ya kugawa, inayotoa 11 na salio 6 kwa pamoja. Vihesabio vidogo akavitoa kwenye int, yenye baiti mbili, akaviweka kwenye unsigned char, yenye baiti moja. Programu ikaenea, nafasi ikabaki.

Kompaila mpya ilisaidia, lakini haikuweza kutua mzigo ambao maandishi yenyewe yaliomba ubebwe. Anayetafuta kompaila bora kwa chipu ya zamani aanze na orodha hiyo kabla ya kutafuta pesa za leseni.

Sasa majina yanasomwa mpaka mwisho. Lakini siku za mawingu meza ya simu inazimika mapema. Mama mmoja alifika saa kumi na moja jioni, simu imekufa, naye alikuwa anangojea habari za mume wake. Fundi hakuwa na jibu zuri la kumpa. Tangu hapo meza inafunguliwa saa moja asubuhi, na wanaotoka mbali wanaombwa wafike kabla ya saa nane mchana.