Wikiendi Mikumi: kabati likijaa, baa itasubiri

Kama umewahi kupita Mikumi usiku ukiwa kwenye basi la Iringa au Mbeya, basi unaijua hiyo picha. Malori yamepaki pembeni, moshi wa nyama choma umetanda, muziki unapigana na muziki mwingine wa baa ya pili. Wewe unachungulia dirishani, unapita, unakwenda zako. Mimi naishi hapo.

Kazi ndiyo iliyonileta. Mume wangu naye, kazi ilimpeleka Kilosa mjini. Ukitazama ramani unasema hawa ni majirani tu, tena wilaya moja. Lakini njia ya kutoka Kilosa kuja Mikumi inapita vijijini, ikiwemo Ulaya (ndiyo, kuna kijiji kinaitwa Ulaya, na hakihitaji viza), na masika ikikolea safari yake ni ya kujipanga. Kwa hiyo Jumatatu hadi Ijumaa kila mtu na chumba chake, tunaonana wikiendi. Wenzetu mlio kwenye ndoa za namna hii mnajua: siku mbili zinabeba mambo ya wiki nzima.

Na hizo siku mbili, kusema ukweli, tulikuwa tunazimalizia baa. Si kwamba tulikuwa walevi sana. Ni kwamba Jumamosi jioni njaa inauma, kwangu hakuna cha kupika, na nyama choma iko hatua mia moja. Ukishakaa kwa ajili ya nyama, bia inakuja yenyewe. Wanakuja na marafiki zake, "Shem, ongeza viti," na tunaondoka saa sita usiku bila kuongea lolote la maana.

Halafu daktari akamwambia mume wangu presha imepanda, pombe basi.

Soda moja, maneno mia

Jumamosi ya kwanza baada ya hapo tulikwenda palepale. Akaagiza soda. Mwenzangu, ungesikia maneno! "Umeokoka lini?" "Shem, umemfanya nini kaka yetu?" Alicheka nao, lakini mimi ninayemjua niliona anavyoizungusha ile chupa mezani bila kuinywa. Njiani akaniambia, "Shida si bia. Shida ni kukaa pale kama mgonjwa aliyetembelewa."

Nikamwambia, basi wiki ijayo waje nyumbani. Akaniuliza swali moja tu: "Wale nini?"

Nilipofika nikafungua kabati. Nusu pakiti ya tambi. Chumvi iliyoganda kama jiwe. Majani ya chai. Chupa ya mafuta iliyobaki vijiko viwili. Nilikuwa na umri wa miaka 31, mshahara unaingia kila mwezi, na jiko langu lilikuwa la mwanafunzi wa bweni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba si baa iliyokuwa inatuvuta. Ni kabati tupu lililokuwa linatusukuma.

Somo la Kilosa

Wiki ile nikaomba ruhusa Ijumaa, nikamfuata Kilosa badala ya yeye kunifuata. Kama hujafika, Kilosa ni mji wa reli. Reli ya Kati iliyojengwa enzi za Wajerumani ilipita hapa kabla ya kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mkonge wa maeneo kama Kimamba ulisafirishwa kwa reli hiyo. Siku hizi kuna na ya pili: SGR, ambayo treni zake zilianza kwenda hadi Dodoma mwaka 2024, inakatiza milima ya Kilosa kwa mahandaki. Pamoja na hayo yote, mji bado ni mtulivu. Watu wanasalimiana mpaka mwisho wa salamu.

Jirani wa mume wangu ni mama mmoja mtu mzima ambaye stoo yake inaweza kulisha harusi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akanijibu marahaba, akanikaribisha mpaka ndani. Kila kitu kiko juu ya vichanja, hakuna gunia lililogusa sakafu. Nikamuuliza mbona juu hivyo.

"Mwanangu, wewe hukuwepo mwaka ule wa maji."

Alikuwa anasema mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake, ukaingia mjini, ukaacha watu wengi bila makazi na kuharibu reli. Yeye aliokoa debe moja la mchele na ndoo ya maharage kwa sababu tu vilikuwa juu ya meza. "Wiki ya kwanza tulikula hivyo, sisi na nyumba mbili za jirani. Akiba si uchoyo. Akiba ndiyo inayokupa cha kumpa mwenzio."

Akanifundisha na mengine. Mahindi na maharage ukiyaweka kwenye gunia la kawaida, dumuzi na wenzake watayamaliza. Weka kwenye ndoo au mfuko usiopitisha hewa, ujaze mpaka juu, ufunge kabisa. Wadudu waliomo wanaishiwa hewa, wanakufa, na hujaweka dawa yoyote. Na nafaka iwe kavu, maana ikiwa na unyevu itaota ukungu humo humo.

Kuhusu sukari nilikuwa na la kumwambia mimi. Kutoka kwangu Mikumi mpaka Kidatu, kwenye viwanda vya sukari vya Kilombero, ni kilometa kama 40. Lakini mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika nchi nzima, bei ikapaa mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Sisi majirani wa miwa tulikunywa chai kavu kama watu wa Mwanza. Hata mwaka wa kawaida, viwanda husimama masika kwa sababu miwa haitoki mashambani kwenye matope. Kwa hiyo sukari inunuliwe kabla ya masika, si baada ya kuisha.

Wakati naondoka akanifungia mfuko wa ukwaju. "Huu hauozi. Mgeni akija ghafla, huna matunda, una ukwaju."

Hapo wazo likanijia.

Jumamosi yenyewe

Siku iliyofuata asubuhi tulipita sokoni Kilosa. Tukabeba mchele, maharage, choroko, vitunguu, tangawizi na mapesheni. Tulipofika Mikumi tukaongeza nanasi na kreti ya soda kwa Mangi wa jirani.

Wageni walikuja wanne, saa kumi na mbili jioni, na joto la Mikumi mnalijua. Sikutaka kumpa mtu chupa ya soda mkononi kama yuko kituo cha basi. Nikatoa glasi ndefu, barafu, vipande vya nanasi pembeni ya glasi. Rangi yake ilikuwa kama ya machweo, povu likipanda juu. Rafiki yake mmoja, yule mwenye maneno zaidi, akainywa yote kwa mkupuo, akauliza, "Shem, humu umeweka nini?" Nikamjibu, "Ukwaju." Hakuamini.

Nikatandika wali, maharage ya nazi na kachumbari. Hakuna aliyeuliza habari ya bia mpaka saa tatu, na aliyeuliza alijijibu mwenyewe: "Aa, nitapitia pale kati wakati narudi." Sawa, mtu mzima anajua ratiba yake. Mume wangu alikaa na glasi mkononi kama wengine, akasimulia habari za ofisini kwao mpaka watu wakalia kwa kicheko. Sikuwa nimemsikia akisimulia hivyo muda mrefu.

Walipoondoka tuliosha vyombo wawili. Akaniambia jambo alilokuwa hajaniambia wiki zote zile: kwamba alipoambiwa presha aliogopa, kwa sababu baba yake alianza hivyo hivyo, na hakujua aniambie saa ngapi. Baa kelele, simu mtandao unakatika. Nikamwambia saa zenyewe ndiyo hizi.

Jumapili asubuhi tulipanda daladala kuelekea upande wa hifadhini, raha ya wakazi wa Mikumi isiyo na kiingilio. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata kwa kilometa kama 50. Ukikaa dirishani unaweza kuwaona swala, twiga, na siku ya bahati tembo. Ombi langu kwenu mnaopita na magari yenu: punguzeni mwendo, na msiwarushie nyani maganda wala ndizi. Wanazoea barabara, na barabara inawaua.

Kokteli ya ukwaju na tangawizi (glasi 6)

Mahitaji: ukwaju robo kilo, sukari kikombe kimoja, tangawizi mbichi kipande cha ukubwa wa kidole, mapesheni manne, nanasi nusu, ndimu moja, chumvi kidogo sana, na soda ya tangawizi kama Stoney iliyolala kwenye friji.

1. Loweka ukwaju kwenye vikombe vitatu vya maji ya moto kwa nusu saa. Uvuruge kwa mkono safi, chuja, weka kwenye friji.
2. Tengeneza shira: sukari, kikombe kimoja cha maji na tangawizi uliyoponda. Chemsha dakika tano, chuja, iache ipoe. Usiweke sukari kavu kwenye soda, itafura povu lote na gesi itakwisha.
3. Changanya ukwaju, mbegu na maji ya mapesheni, juisi ya ndimu na ile chumvi. Chumvi isisikike, kazi yake ni kupunguza ukali.
4. Weka barafu kwenye glasi. Barafu iwe ya maji yaliyochemshwa. Jaza mchanganyiko mpaka nusu, ongeza kijiko kimoja cha shira, onja.
5. Soda iwe ya mwisho. Mimina taratibu ukiinamisha glasi, koroga mara moja tu, pachika nanasi. Soda ikiwa baridi sana gesi inakaa.

Shira inayobaki weka kwenye chupa safi ndani ya friji, itakusaidia wiki nzima. Kama mwenzi wako anaangalia sukari, acha shira kabisa na tumia maji ya soda yasiyo na utamu.

Kabati la watu wawili kwa mwezi

Hili ni letu. Wewe punguza au ongeza kulingana na mlo wenu:

- Mchele kilo 8, unga wa dona kilo 5, tambi pakiti 2.
- Maharage kilo 3, choroko kilo 1, karanga kilo 1.
- Mafuta ya kula lita 2, sukari kilo 3, chumvi, majani ya chai.
- Vitunguu kilo 3, vitunguu saumu, tangawizi. Vitunguu vining'inie penye hewa, mbali na viazi, maana vikikaa pamoja vinaharibika haraka.
- Dagaa wakavu, nyanya za kopo 4, tui la nazi la pakiti.
- Ukwaju na ubuyu. Hivi ndivyo baa yako ya nyumbani.

Kila mfuko mpya uandike tarehe na uuweke nyuma, cha zamani kitangulie kuliwa. Chumvi na sukari zikae kwenye makopo yenye mfuniko unaobana. Na mwisho wa mwezi kagueni kabati pamoja, wote wawili, si kazi ya mmoja.

Sisi bado ni wanandoa wa wikiendi. Baa bado iko hatua mia moja, na mara moja moja tunakwenda, kwa kuwa tumetaka. Ila Alhamisi iliyopita nilipokea ujumbe kutoka Kilosa. Sikukuta "nakumiss" wala nini. Uliandikwa: "Ukwaju upo, au nibebe?"