NILIGOMBEA PEKE YANGU, NIKASHINDWA!

Jamani, umewahi kumsikia mtu aliyegombea uongozi peke yake, bila mpinzani, halafu akaangushwa? Kama hujamsikia, basi leo unamsoma. Ni mie.

Tulikuwa vijana wanane hapa Dar es Salaam, tunatengeneza programu ya kompyuta ya kutunza hesabu za vikoba. Programu yenyewe ni huria. Yaani tunaitoa bure, na maandishi yake yote tunayaacha wazi, kama mama anayekupa pilau na kukueleza alivyoipika. Ukitaka kuongeza viungo, ongeza. Mshahara hakuna. Ukiona mtu kakesha akiifanyia kazi, ujue kaamua mwenyewe.

Aliyeianzisha ni binti mmoja wa Magomeni ambaye sote tulimwita Dada Mkubwa, ingawa kanizidi miaka miwili tu. Kila tulichoandika alikikagua yeye. Simu za wahazini wa vikoba alipokea yeye. Maneno ya siri ya kuingilia kwenye programu alikuwa nayo yeye.

Kasheshe ilianzia kwenye faini. Mwanachama akichelewesha marejesho, je, programu imtoze yenyewe au mhazini aandike kwa mkono? Tulibishana wiki tatu, na mie nilikuwa mstari wa mbele. Dada Mkubwa akakata shauri kwamba mhazini aandike. Sikuridhika. Nikaendelea kumchokonoa, leo ujumbe, kesho ujumbe, mpaka usiku wa manane.

Jumamosi moja tumekaa Mwenge, tunakula chipsi mayai. Dada Mkubwa akaweka daftari mezani.

"Wadogo zangu, nimechoka. Maneno ya siri yamo humu. Simteui mtu, chagueni wenyewe."

Akalipia soda yake, akaondoka.

Wenzangu walibaki midomo wazi. Mie, Mungu anisamehe, moyoni nilikuwa nasherehekea. Nikajiona ujiko huo unanijia. Nikatangaza pale pale kwamba nagombea. Hakuna mwingine aliyeinua mkono, nikajua ngoma imekwisha.

Kumbe! Mshikaji wetu mmoja wa Sinza akaleta jambo. Akasema kuna watu wanaitwa Debian, wanatengeneza mfumo huria wa kuendeshea kompyuta tangu 1993. Kila mwaka wanapiga kura kumchagua kiongozi, na kwenye karatasi yao, chini ya majina ya wagombea, kuna mgombea mwingine wa kudumu: "Hakuna kati ya hawa." Akaomba na sisi tufanye hivyo. Nikacheka. Nikasema ruksa.

Tukapiga kura, watu saba. Mie nikapata mbili, yangu na ya jamaa niliyemnunulia soda. "Hakuna" akapata tano.

Wewe acha tu. Kushindwa na mtu kunauma, lakini kushindwa na Hakuna! Huna hata wa kumnunia. Nikamfuata mdogo wetu mmoja, binti mpole asiyependa makuu, nikamuuliza kosa langu nini. Akanijibu taratibu:

"Kaka, wewe unataka kiti cha Dada. Simu za Dada huzitaki."

Nilirudi nyumbani na daladala nimenyamaza kimya.

Usiku ule nikakumbuka kisa cha Python, lugha ile ile tuliyoandikia programu yetu. Nilikuwa nakijua juu juu, safari hii nikakisoma vizuri. Aliyeianzisha ni Mholanzi, Guido van Rossum, mwishoni mwa 1989 akiwa Amsterdam, akaitoa hadharani 1991. Wenzake wakampa cheo cha utani: Dikteta Mwema wa Maisha. Wakibishana mpaka wakakwama, yeye ndiye anayeamua.

Mwaka 2018 yakazuka mabishano makali juu ya alama moja ndogo, nukta mbili ikifuatiwa na alama ya sawasawa, iongezwe kwenye lugha au isiongezwe. Guido akaikubali. Alishinda hoja, lakini maneno aliyotupiwa njiani yalimchosha. Tarehe 12 Julai mwaka ule akang'atuka, kama tulivyozoea kusema tangu enzi za Mwalimu. Wala hakumteua mrithi. Aliwaachia waamue wenyewe watajiongoza vipi.

Sasa sikia walichofanya. Hawakukimbilia kumtafuta Guido wa pili. Kwanza waliulizana wanataka uongozi wa namna gani. Yakaja mapendekezo saba, likiwemo la kumweka mtu mmoja na mengine ya baraza. Desemba 2018 wakapiga kura, likashinda pendekezo la baraza la watu watano. Wakaweka sharti kwamba watu wa kampuni moja wasizidi wawili, ili tajiri mmoja asije akaumeza mradi. Baada ya hapo ndipo wakachagua watu, Februari 2019. Mmoja wa wale watano alikuwa Guido mwenyewe! Uchaguzi uliofuata akajitoa, na Python ikaendelea kupeta.

Hao Debian nao 2019 yaliwakuta makubwa. Muda wa kuchukua fomu ulipita, hakujitokeza mgombea hata mmoja! Ikabidi waongeze muda ndipo wakapatikana. Mmoja wa waliojitokeza alikuwa Jonathan Carter wa Afrika Kusini. Mwaka ule hakupata, lakini 2020 alishinda, akaongoza mpaka 2024. Kiongozi wa Debian hawezi kumwamrisha mtu afanye kazi, maana hamlipi. Ana kushawishi, kusuluhisha na kubeba lawama.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mahali ambapo hakuna mshahara wala amri, cheo ni mzigo. Sisi tulikuwa tunauliza nani akae juu, wakati hatujakaa kuhesabu huyo wa juu anabeba nini.

Kikao kilichofuata nikaomba radhi, halafu nikapendekeza tuandike kazi zote za Dada Mkubwa. Zilijaza kurasa mbili za daftari! Tukazigawa kwa watu watatu: mmoja akague kazi, mmoja atunze maneno ya siri, mmoja apokee simu. Muda wao miezi sita, halafu kura tena, na Hakuna awemo. Nikaomba simu. Safari hii nikapita.

Msomaji, simu si mchezo. Wiki ya tatu tu, saa nane usiku, mhazini wa Mbagala ananililia: "Mwanangu, hela za kikoba zimepungua, wenzangu watanimaliza!" Tukahesabu pamoja mpaka alfajiri. Kumbe kwenye laki mbili aliacha sifuri moja. Asubuhi nikaenda kibaruani macho mekundu kama nyanya, halafu mwenzangu mmoja akanitumia ujumbe mrefu wa kulalamika kwamba nachelewa kujibu.

Nikautazama ujumbe ule. Ulikuwa umeandikwa vile vile nilivyokuwa nikimwandikia Dada Mkubwa.

Jioni nikampigia. Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Sikujua."

Akanyamaza kidogo. "Umeshika simu wiki ngapi?"

"Tatu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ukifikisha miezi mitatu nipigie tena, mdogo wangu. Hapo ndipo utakuwa unajua unachoomba msamaha."

Uchaguzi wetu ni mwezi ujao. Nagombea tena, na Hakuna naye yumo. Ila safari hii namheshimu.