"Wewe Sasa Ndiye Mwanaume wa Nyumba Hii"

Hivi umewahi kumwambia mtoto neno ukidhani unamtia moyo, kumbe unamfunga mdomo? Mimi nimewahi. Na kazi yangu ni maneno! Nimesomea mawasiliano chuo kikuu, nahariri habari za watu kila siku, lakini mtoto wa kaka yangu mwenyewe sikumsikia.

Kaka alifariki kwa ajali ya pikipiki, akipanda Uru kutoka Moshi mjini. Mwanawe wa miaka 11 alikuwa amepakiwa nyuma. Alitoka na kidonda mkononi tu. Hospitali wakakishona, wakatuambia tumshukuru Mungu, tukamshukuru. Siku ya maziko pale kihambani, kaburi likiwa hatua chache tu kutoka jikoni, nikamshika bega: "Usilie, baba. Wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba hii." Hakulia. Watu wakasema, jamani, huyu mtoto jasiri!

Desemba nikapanda nyumbani kama ilivyo desturi yetu Wachagga. Ilikuwa imepita miezi minane. Mama akanipokea na mashtaka: mjukuu wake amekuwa mkaidi, anakojoa kitandani, anapigana na wenzake. Shuleni anachelewa mpaka anachapwa, kwa sababu barabarani hapiti, anazunguka kwa njia za vihambani. Bodaboda hataki hata kuisikia. "Anadeka tu huyo," mama akasema. Na mimi nikaitikia! Nikamwita, nikampa somo refu la nidhamu. Alinisikiliza huku anaangalia miguu yake.

Maharage kwenye ungo

Kesho yake akaja rafiki yangu wa tangu sekondari, mshauri nasaha anayefanya kazi na watoto yatima. Tukiwa tunakunywa mtori, pikipiki ikanguruma njiani. Mtoto akaruka, bakuli likamwagika. Mama akaanza kufoka. Rafiki yangu akauliza swali moja tu: "Hivi kuna mtu amewahi kumuuliza siku ile ilikuwaje?"

Tukatazamana.

Aliomba ruhusa kwa mama, kisha akamuuliza mtoto mwenyewe kama yuko tayari kuzungumza. Wakakaa wawili tu kwenye benchi, na ungo wa maharage. Upande mmoja hakuna punje, maana yake "hapana kabisa". Kisha punje moja, punje tatu, mpaka rundo, maana yake "karibu kila siku". Yeye anauliza, mtoto anaonyesha kwa kidole. Unaiota ile ajali? Picha zake zinakujia hata kama hutaki? Kuna mahali unapakwepa? Unaona ilikuwa kosa lako?

Hapo kwenye kosa alionyesha rundo. Alikubali na sisi tuambiwe: siku ile yeye ndiye aliyembembeleza baba yake washuke mjini kununua njumu. Miezi minane mtoto alilala na kuamka akiamini amemuua baba yake, na kaburi analipita kila akienda jikoni. Angemwambia nani? Mimi nilishamwambia yeye ni mwanaume.

Huzuni au kiwewe?

Rafiki yangu alinielewesha kwamba mtoto aliyefiwa kulia au kukosa usingizi wiki za mwanzo ni kawaida. Cha kuangalia ni dalili zinazozidi mwezi mmoja na kumvurugia masomo, usingizi na urafiki: tukio kumrudia akilini, kukwepa vinavyomkumbusha, kujilaumu, kushtuka ovyo, hasira. Mtoto mdogo hasemi; utamwona analicheza tukio lile lile kila siku. Na asiulizwe mlezi peke yake. Sisi tunaona ukaidi na godoro bichi, lakini ndoto na lawama anazijua mtoto. Ule ungo wenyewe haukutoa hukumu, ulionyesha tu kwamba inabidi apelekwe kwa mtaalamu.

Nikaanza kusoma, nikakuta Moshi kwetu jambo hili limefanyiwa utafiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalihusu watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi, wa Moshi na wa Bungoma, Kenya. Baadhi yao walipata tiba ya vikao vya kikundi, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo. Mwaka mmoja baadaye, watoto wa Bungoma waliopata vikao walikuwa na nafuu zaidi ya wenzao. Moshi, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Kwa hiyo tiba si muujiza, lakini mtoto anaweza kupona.

Jioni ile nilimwita tena. Safari hii bila somo. "Baba, nilikosea kukuambia usilie. Na ile ajali haikuwa kosa lako."

Akaniangalia. "Shangazi, una uhakika?"

"Nina uhakika."

Ndipo akalia, na mimi nikalia naye.

Sasa anahudhuria ushauri. Bodaboda bado hapandi, na hatumlazimishi. Lakini barabarani anapita, akiwa ameshikana mkono na bibi yake.

Msomaji wangu, kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyeona ajali, moto au kifo, usisubiri aanze yeye. Kaa naye, muulize, kisha nyamaza umsikilize. Ukikwama, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Na lile neno la "mwanaume wa nyumba", tafadhali, liache lisubiri akue.